Bi Pindo na Kitenzi Kimoja

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani wanamwita Bi Pindo, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Ingia kibandani kwake saa yoyote, uwe umekuja kuchukua sketi au kumwambia nyumba yako inaungua, jibu lake ni moja: "Kaa hapo, nimalize pindo." Kichwa hainui. Unakaa kwenye benchi la mbao kando ya mlango, unasikiliza mguu wake ukikanyaga cherehani, na unangoja. Amewaketisha hapo mabwana harusi wenye haraka zao, na siku moja alimketisha askari wa manispaa aliyekuja kumfungia kibanda. Askari alingoja, akapigwa gumzo, akaondoka na suruali yake imetiwa zipu mpya. Habari ya kufunga kibanda ilimtoka kabisa, na hakurudi tena.

Ni fundi wa kweli, tuseme wazi. Si hawa wa siku hizi wanaokushonea shati, ukiinua mkono linakupasukia kwapani. Na ana namna yake ya kazi ambayo hakuna fundi mwingine aliyeweza kuiiga. Vipimo vya wateja haandiki popote. Kila mteja ana utepe wake, umekatwa kutoka kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea, na kwenye ule utepe Bi Pindo hutia alama kwa ncha ya mkasi: hapa bega, hapa kifua, hapa kiuno, hapa urefu wa mkono. Tepe hizo zinaning'inia kwenye misumari ukuta mzima, za rangi zote. Akitaka kiuno chako, anakishika kwa vidole bila hata kutazama.

Mteja akifariki, Bi Pindo huuvua utepe wake msumarini, huukunja vizuri, huupeleka msibani na kumpa aliyekuwa karibu zaidi na marehemu. "Hivi ndivyo alivyokuwa," anasema, basi. Nimeona wanaume wazima waliojikaza tangu asubuhi wakilia kwa sababu ya kile kipande cha kitambaa.

Sasa, mwanawe wa pekee alikuwa fundi mitambo wa meli za mizigo. Alikwenda ng'ambo akiwa kijana, akaoa huko, akapata binti. Mkewe alikuja nyumbani mara moja tu, mwaka waliooana. Yeye na Bi Pindo hawakuwa na hata neno moja la pamoja, lakini walikaa kibandani mchana kutwa, mmoja akishika pini na mwingine akisimama juu ya kigoda, wakicheka wasichokijua. Bi Pindo alimshonea gauni la njano lenye vifungo vyeupe. Walipoondoka, utepe wa njano ukabaki msumarini karibu na dirisha, na kitambaa kilichosalia akakiweka chini kabisa ya sanduku.

Halafu mkamwana yule akaugua, akafa huko huko. Bi Pindo hakuweza kwenda kumzika. Na utepe wa njano hakuuvua. Waliomuuliza aliwajibu kwamba hana wa kumpa, kila mtu yuko mbali. Hayo yalikuwa maneno tu. Kila alipounyooshea mkono, mkono ulirudi.

Miezi ikapita, mwanawe akampigia simu.

"Mama, nimekwama. Nikiwa baharini, mtoto hana wa kukaa naye."

"Umekwamaje? Bibi yake nimekufa?"

"Mama, hajui Kiswahili. Nawe Kiingereza hujui."

"Nitajifunza."

"Kwa umri huo?"

"Cherehani yangu ni kuukuu kuliko wewe," Bi Pindo akamwambia, "na bado inashona. Mlete."

Wakakubaliana hivi: mtoto atakuja likizo ndefu. Akizoea, atabaki na kuanza shule huku. Asipozoea, baba yake atakuja kumchukua ampeleke shule ya bweni kule kule, akalale chumba kimoja na watoto asiowajua, na likizo zake zikaangaliwe na mtu wa kulipwa. Bi Pindo alipokata simu alikaa kitako, mikono mapajani. Kisha akainuka kwenda kumtafuta Mwalimu.

Mwalimu alifundisha Kiingereza watu wazima, ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule. Wanafunzi wake walikuwa wahudumu wa hoteli, madereva na walinzi. Alikuwa mtu wa heshima, mcheshi, mwenye tumbo lililokuwa likisonga mbele kila mwaka huku suruali zikibaki zilezile. Kwa hiyo mapatano hayakuchukua muda: yeye angekuja kibandani jioni jioni, na Bi Pindo angemwongezea viuno vya suruali.

"Bi Pindo," akasema siku ya kwanza, "muda hatuna. Nikianza na sarufi, mjukuu atakuja, atakua, ataolewa, sisi tuko somo la tatu. Nitakupa kitenzi kimoja tu. Ukikishika hicho hulali njaa wala hupotei njia. 'Get'."

"Maana yake?"

"Kupata."

"Basi nimeshajua. Lete suruali."

"Ngoja kwanza. Kufika nyumbani, ni hicho. Kulowa mvua, ni hicho. Kuleta maji, kuelewa jambo, kukasirika. Kuamka, kupanda gari, kushuka garini. Kuolewa. Kuzeeka."

Bi Pindo akavua miwani, akamtazama vizuri aone kama anataniwa. "Yaani mtu anaamka, analowa, anakasirika, anaolewa na kuzeeka, kitenzi ni kimoja?"

"Kimoja."

"Watu hawa ni wavivu au ni wachoyo?"

"Wanabana matumizi," Mwalimu akasema.

Walicheka, lakini mambo hayakuwa mepesi. Kwetu kila tendo lina nguo yake. Wale wenzetu wamejifunika shuka moja ukoo mzima, na usipowajua sura huwezi kusema nani ni nani. Bi Pindo alichanganya kushuka na kuamka, akachanganya kufika na kuelewa, mpaka Mwalimu akaanza kushika tama. Ndipo macho yake yalipoangukia cherehani. Akauliza kile kimguu cha chuma kinachokandamiza nguo kinafanya nini. Bi Pindo akamweleza: mashine ni hiyo moja, lakini ukibadilisha kimguu inatia zipu, ukibadilisha tena inatoboa tundu la kifungo.

"Basi kitenzi ndiyo mashine," Mwalimu akasema. "Lile neno dogo linalokifuata ndilo kimguu."

"Kumbe! Na hukusema hivyo tangu mwanzo kwa nini?"

Kuanzia hapo akaenda kwa kasi. Alipiga msumari mpya ukutani, na kila matumizi aliyojifunza akayakatia utepe wake. Kulowa kulikuwa utepe wa kitambaa cha mwavuli. Kuamka kulikuwa kipande cha shuka. Kuelewa kulikuwa utepe wenye tundu la kifungo lililokwisha kupata kifungo chake. Alizishika tepe hizo huku mguu ukikanyaga, akijisemea kwa sauti. Akisema "get up", anasimama. Akisema "get down", anaketi. Wateja kwenye benchi wakawa wanatazamana. Siku alipotamka "get out" kwa nguvu zote, bwana mmoja aliyekuja kupima kaunda suti alichukua kofia yake akatoka, na ilibidi Bi Pindo amkimbilie mpaka kona, futi ya kupimia ikimpepea shingoni, amwombe radhi.

Kuna somo moja tu alilolikataa. Mwalimu, katika mpangilio wake wa masomo, alifika kwenye "get over". Alieleza kwamba mtu aliyefiwa akikaa, akakaa, siku moja uchungu ukamwisha akaendelea na maisha yake, basi wenyewe husema hivyo.

Bi Pindo aliweka mkasi mezani. "Wanamwambia mtu hivyo? Mdomo wazi?"

"Wanamwambia kwa kumpa moyo."

"Hiyo siitaki, Mwalimu. Tuendelee na nyingine."

Mwalimu alimwangalia, akaangalia dirishani ulipokuwa utepe wa njano, wakaendelea na nyingine.

Mtoto akaletwa. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, macho ya mama yake, na begi la mgongoni ambalo hakutaka kulitua hata wakati wa kula. Baba yake alilala usiku mmoja akarudi melini. Na Bi Pindo akaanza kazi aliyojiandalia.

Nataka nisimcheke, maana alifanya kwa mapenzi yote. Asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba: amka! Kisha: vaa! Kisha: lete maji, ingia, teremka hapo utaanguka, toka juani. Yote kwa kitenzi kile kile, sauti ya juu, kwa sababu ndivyo alivyofanya mazoezi, akishindana na kelele za cherehani. Kila mtoto alipotii, Bi Pindo alijawa na furaha. Tunaelewana! Hakujua kwamba Mwalimu alimfundisha kama alivyowafundisha walinzi na madereva, nao kazi yao ni kuelekeza watu. Na yeye mwenyewe alichagua yale ambayo mikono na miguu inaweza kuyatenda, akaacha mengine. Katika tepe zote zile kwenye msumari mpya hapakuwa na hata mmoja wa kumuuliza mtu swali.

Mtoto aliamka, alivaa, alileta maji. Alikaa kwenye benchi la wateja na begi lake, akatazama barabarani.

Jumapili baba yake alipiga simu, mtoto akaipokea uani. Bi Pindo alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Mengi hayakumwingia, lakini kitenzi chake alikijua popote. Alimsikia mjukuu akikisema tena na tena, kwa sauti ya kuigiza, nzito, ya amri. Kilikuwa kinatoka haraka haraka, na mwisho wake kilikatwa na kilio. Bi Pindo alisimama na shati lililolowa mikononi mpaka maji yakamchuruzikia viatuni. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe.

Baadaye simu ikarudi kwake.

"Mama," mwanawe akasema taratibu, "anasema unamwamrisha tangu asubuhi mpaka jioni. Anasema anaishi na askari. Najua hukukusudia. Lakini bwenini wameshamwekea kitanda. Nikishuka melini nitakuja kumchukua."

"Nipe muda, mwanangu."

"Mama, mtoto analia."

Hakubisha. Alimpa mtoto chai, akamtandikia kitanda, naye hakusema neno, la Kiingereza wala la Kiswahili, akiogopa kila litakalotoka.

Kesho yake Mwalimu alipoingia kibandani hakuambiwa akae. "Umenifundisha kumfokea mtoto," Bi Pindo akamwambia. "Nimempokea yatima kwa amri. Mimi! Nimempokea kama mwizi."

Mwalimu alikaa mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, na lile lilimwuma. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikufundisha haraka, nikakufundisha nusu. Kitenzi hicho hicho kinaombea, Bi Pindo. Kinaulizia. Kuna namna ya kumwambia mtu: nikuletee nini, mpenzi wangu?"

"Basi nifundishe hiyo. Na kesho sisemi nyingine."

Alifanya hivyo hivyo. Asubuhi hakusimama mlangoni. Alikwenda akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akangoja mtoto afumbue macho mwenyewe, kisha kwa sauti ndogo, ulimi ukimtetemeka kama wa mwanafunzi kwenye mtihani, akamuuliza kama amletee chai.

Mtoto akamtazama. Halafu akaitika kwa kichwa.

Akauliza tena mchana: nikuletee maji? nikuletee kigoda? Mtoto akachukua kigoda. Alikisogeza mpaka karibu na cherehani, akakaa, na kwa mara ya kwanza begi likatua chini. Akawa anaangalia ukuta. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye msumari mpya, akauliza kwa lugha yake, hivi ni vitu gani.

Bi Pindo alimaliza pindo lililokuwa mkononi, maana mazoea ni mazoea, kisha akaziteremsha tepe zote akaziweka mapajani mwa mjukuu wake. Akamwonyesha mmoja mmoja. Huu kulowa. Huu kuamka. Mtoto alipoufikia wa kuelewa, akachomoa kifungo tunduni, akakirudisha, akacheka kidogo. Alikuwa amefahamu kwamba bibi huyu, kabla ya yeye kuja, alikaa hapa na kukata vitambaa kwa ajili yake.

Alizipekua zote, kisha akazipekua tena, kama mtu anayetafuta kitu. Akauliza upo wapi ule wa "get over". Akaeleza polepole, kwa maneno mepesi, akichezea vidole vyake, kwamba shuleni kule wote walimwambia hivyo. Mwalimu wake alimwambia, mama wa rafiki yake alimwambia. Kwamba itamwisha.

Bi Pindo alielewa. Alitafuta maneno kichwani, hakuyaona, akaamua kutumia aliyonayo. "Hiyo hakuna," akasema kwa Kiingereza chake kilichopinda. "Mwalimu kunipa. Mimi kusema hapana."

Akainuka, akaenda dirishani. Safari hii mkono haukurudi. Aliuvua utepe wa njano, akaja nao, na kabla hajaketi mtoto alikuwa amesimama. Kitambaa kile alikijua. Alikijua tangu alipokuwa akikilazia uso, alipokuwa akikivuta jikoni aombe biskuti.

"Mama," akasema.

"Mama," Bi Pindo akaitikia, maana neno hilo halikuhitaji Mwalimu. Akamgeuza mtoto taratibu, akauweka utepe mgongoni pake. Hapa bega lake. Hapa kifua chake. Hapa kiuno. Mkono wake ulikuwa unafika hapa. Mtoto alishika alama ile ya mwisho, iliyopita vidole vyake mwenyewe na kuning'inia, na hapo ndipo kilio kilichokwama tangu mazishi kilipotoka. Alilia kwa sauti, na Bi Pindo akalia naye, wakiwa wamekumbatiana katikati ya kibanda, na mteja aliyekuwa anaingia akarudi nyuma kimyakimya na kuvuta mlango.

Kwa desturi ya Bi Pindo, utepe wa marehemu ukishapewa mwenyewe hauonekani tena ukutani. Aliukunja, akamkabidhi mtoto. Mtoto aliushika hadi jioni. Walipokuwa wanafunga kibanda, alipanda kigoda, akaurudisha kwenye msumari wake karibu na dirisha. Bi Pindo hakumzuia.

Asubuhi iliyofuata sanduku lilifunguliwa mpaka chini, na kitambaa cha njano kikatoka. Kilitosha gauni la mtoto, kama fundi hafanyi mchezo. Siku zilizobaki walizimaliza hapo, mmoja akikata na mwingine akishika pini. Kiswahili cha mtoto kilianza kwa maneno ya kibandani, uzi, sindano, vuta, ngoja, na maneno mengine aliyoyaokota kwenye benchi ambayo bibi yake alijifanya hakuyasikia. Kila alipokosea, alimtazama bibi. Kila bibi alipokosea Kiingereza, mtoto alimrekebisha bila huruma, mkono kiunoni. Mwalimu alikuja, akaona, akachukua suruali yake akaondoka akipiga mluzi.

Lakini kitanda cha bwenini kilikuwa kimeshalipiwa, na mtoto alikuwa hajasema neno juu ya kubaki. Bi Pindo hakuthubutu kumuuliza. Swali hilo alikuwa na kitenzi chake, lakini jibu aliliogopa.

Mwanawe alifika mchana, ametoka moja kwa moja bandarini, begi begani. Alisimama mlangoni. Ndani, mama yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na kwenye kiti, ukingoni kabisa ili miguu ifike, alikuwa binti yake akikanyaga cherehani, ulimi umetoka nje kwa bidii. Kitambaa cha njano kilikuwa kinapita chini ya sindano.

Alimwambia binti yake kwa Kiingereza akusanye vitu vyake, gari linangoja. Kilikuwa kitenzi kile kile. Bi Pindo alikielewa chote, mashine na kimguu chake, akatamani asingejifunza.

Mtoto hakuinua kichwa.

"Kaa hapo," akasema kwa Kiswahili, "nimalize pindo."

Baba yake akatazama gauni, akatazama utepe wa njano dirishani, akatazama benchi alilolikalia utoto wake wote akiambiwa maneno yale yale. Akatua begi chini. Akakaa, akangoja.